Gari iliyotumika: ipe maksi kwanza ndo uongelee bei

Ukiwa na gari tatu nne za kuchagua macho yatakudanganya tu, rangi inang'aa unasahau injini. Mi siku hizi siingii kwenye gari iliyotumika bila kuipigia hesabu ya maksi, na nakushauri na wewe ufanye hivyo, karatasi na kalamu vinatosha.

Chukua pointi 100 uzigawe kwa vitu unavyojali, tena KABLA hujaenda kuona gari yoyote, maana ukishaipenda moja utaanza kuibeba. Mimi nagawa hivi: injini na giaboksi 35, historia ya sevisi 25, bodi na chasi 20, kilomita 10, ulaji wa mafuta 10. Kila kitu unakipa maksi 1 mpaka 10, unazidisha na pointi zake, unajumlisha. Mwaka wa gari siuweki, umri na kilomita mara nyingi vinaenda pamoja, ukiviweka vyote gari inaadhibiwa mara mbili.

Maksi za injini usitoe kwa maneno ya muuzaji. Gusa boneti kwanza, iwe ya baridi, alafu iwashe mwenyewe, ukiona moshi wa bluu ambao hauishi jua inakula oili. Na chasi ikiwa imepinda au namba yake hailingani na karatasi, hiyo sio ya kupewa maksi 2, itoe kabisa, maana maksi nzuri za kwingine zitaificha.

Mfano gari ya kwanza ina 7, 4, 9, 9, 7, jumla 685. Ya pili 8, 8, 6, 5, 7, jumla 720. Ya kwanza bodi safi kilomita chache, ila sevisi haieleweki, ndo imeiangusha.

Bei usiipe maksi, chukua jumla ya maksi ugawe kwa bei, na kwenye bei ujumlishe gharama ya vitu utakavyobadilisha mara tu ukiichukua. Kwenye tairi soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, 2317 ni wiki ya 23 mwaka 2017, hilo hata kama halijalika liwekee hela. Tuseme ya kwanza bei ni 100 na haidai kitu, ya pili 95 ila inataka tairi na taimingi belti za 10, inakuwa 105. Ya kwanza inapata 6.85, ya pili 6.86, yani ngoma droo, usijidanganye kwamba moja imeshinda. Ila sasa unajua pa kumbana muuzaji, akikutolea hiyo 10 ya tairi na belti gari ya pili inaruka mpaka 7.58, asipokubali bado una ya kwanza.