Snokeli ya Prado: angalia viungo kwanza

Ndugu, umeuliza kama snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) ya bei nafuu uliyoonyeshwa Kisumu itaifaa Prado yako ya dizeli kwa barabara za Ahero na Budalang'i wakati wa mafuriko. Plastiki yenyewe isikusumbue sana. Shida iko kwenye viungo. Nyingi zimeundwa kuinua mdomo wa hewa tu, si kuzuia maji. Kiungo kikivuja ndani ya fenda, injini inanyonya maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) hupinda papo hapo. Mimi yalinikuta: fundi alikaza kila klipu, akasahau tundu la kutolea maji chini ya boksi la filta. Tundu dogo tu!

Kwa hiyo ziba tundu hilo, paka silikoni kwenye kila kiungo na uiache ikauke usiku kucha. Palipotobolewa kwenye fenda papakwe rangi kwanza, la sivyo kutu itaingia. Kisha jaribu hivi: injini ikiunguruma polepole, toa kichwa cha snokeli uzibe bomba kwa kiganja. Ikizimika upesi, sawa. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa kwingine, na maji yatapita hapo hapo.

Usisahau mipira (vijibomba) ya kupumulia ya difu na gia boksi. Nayo ipandishwe juu. Altaneta (mtambo wa kuchaji betri) lakini itabaki chini, na hiyo hakuna snokeli inayoilinda.