Tenganisha bei kabla hujalipa

Swali la wiki lilikuwa hili: je, fulana, raba, saa na sarafu za mapambo zenye nembo za kripto zina thamani ya bei zinazouzwa, au wanunuzi wanalipia jina tu? Kwa maoni yangu, swali hilo halina jibu moja kwa kitu kizima. Bei ya kitu cha aina hii imefungasha mambo kadhaa pamoja: kitambaa au madini, kazi ya fundi, chipu, tokeni (rekodi ya kidijitali ya umiliki), jina la mtengenezaji, na ahadi ya kitakachofuata. Yatenganishe, kisha kila moja liulizwe peke yake: siku mtengenezaji akifunga biashara, hili litabaki? Wanaoumia kwenye soko hili karibu wote wamelipia ahadi kwa bei ya mali.

Nianze na ile "sarafu ya Bitcoin" ya rangi ya dhahabu ndani ya kikasha cha plastiki. Hakuna Bitcoin ndani yake. Bitcoin ni rekodi kwenye daftari la pamoja, na anayeweza kuihamisha ni mwenye ufunguo wa siri, namba ndefu inayofanya kazi kama nywila. Kipande cha chuma kisicho na ufunguo ni medali. Basi kipime kama medali. Sumaku kwanza: ikivutwa, kiini ni chuma. Isipovutwa huenda ni shaba njano au aloi ya zinki, kwa hiyo usishangilie bado. Ipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani hiyo, irudishe kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote ikiwa inaning'inia. Namba itakayoonekana, kwa gramu, ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Ukipata 7.8 hivi ni chuma. Kati ya 8.4 na 8.7 ni shaba njano, 6.7 hivi ni aloi ya zinki. Dhahabu safi ni 19.3. Vipimo huharibika kwa sababu mbili: mapovu ya hewa yakinasa kwenye michoro ya sarafu, au sarafu ikigusa sakafu ya kikombe. Ya kwanza huongeza ujazo kwa uongo, na ya pili huifanya mizani ibebe uzito wa sarafu yenyewe.

Hata bila maji, hesabu ya kichwa inatosha. Sarafu yenye kipenyo cha milimita 40 na unene wa milimita 3 ina ujazo usiozidi sentimita za ujazo 3.8. Ingekuwa dhahabu tupu ingekaribia gramu 73. Zinazouzwa kwenye vikasha huwa chini ya nusu ya uzito huo. Rangi ya juu ni utando mwembamba mno, ndiyo maana kingo huanza kufifia kwa kushikwashikwa, na dawa ya kung'arisha madini huumaliza kabisa. Ukiipenda kama pambo la mezani, lipa bei ya pambo.

Sarafu zenye ufunguo ndani zipo, na hizo ni habari nyingine. Mike Caldwell wa jimbo la Utah, Marekani, alianza kutengeneza sarafu za Casascius mwaka 2011. Ndani ya kila moja aliweka karatasi ndogo yenye ufunguo wa siri, akaifunika kwa stika ya hologramu ambayo ikibanduliwa huacha alama. Kwa nje zilionekana herufi za mwanzo za anwani, ili mtu aweze kuitafuta kwenye daftari la Bitcoin na kuona kama salio lingalipo. Mwishoni mwa 2013 FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha, ilimwandikia kuhusu shughuli hiyo, naye akaacha kuuza zilizojazwa Bitcoin. Toleo la kwanza lilitoka na kosa la tahajia kwenye hologramu, CASACIUS, na wakusanyaji hulitafuta kwa sababu hiyo hiyo.

Anayetaka kununua moja leo ana mambo matatu ya kukagua, kwa utaratibu huu. Salio la anwani liangaliwe kwa macho yake mwenyewe kwenye kivinjari cha bloku, yaani tovuti inayoonyesha yaliyomo kwenye daftari hilo, tena dakika ile ya malipo, si jana yake. Stika iangaliwe kwa kioo cha kukuzia chini ya mwanga wa ubavuni, maana gundi inaweza kulainishwa kwa kiyeyushi na stika ikarudishwa; ukungu kwenye kingo, mikunjo midogo au tundu la sindano ni sababu ya kuondoka. La tatu halina kipimo: aliyechapa ufunguo aliuona. Salio likikaa miaka mingi bila kuguswa, hiyo ni dalili njema ya uaminifu wa mtengenezaji, lakini ni dalili tu. Kwa sarafu ya namna hii kutoka kwa mtengenezaji asiye na historia, salio lililo ndani lihesabiwe kuwa bado ni lake.

Tatizo hilo lilitatuliwa kiufundi na kifaa cha Opendime, kijiti kidogo cha USB kilichotoka 2016. Ufunguo huzaliwa ndani ya chipu yenyewe, baada ya mnunuzi kunakili humo mafaili yake ya nasibu, na hauonwi na mtu yeyote mpaka sehemu maalumu ya bodi itobolewe kwa pini. Ikishatobolewa, kila mtu anaona kuwa kimefunguliwa. Mtengenezaji akitoweka kesho, kijiti kinaendelea kufanya kazi ile ile. Hapo unalipia kitu.

Nguo sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu fulana yenye nembo ya Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, ni fulana. Tafuta uzito wa kitambaa kwa gramu kwa mita mraba: 150 ni nyepesi, 200 na zaidi ni nzito. Hudi ya 400 ni nzito kweli. Ya 280 ni ya kawaida. Muuzaji asiyeandika namba hiyo kwa kawaida anachapisha kila oda inapoingia, juu ya nguo tupu ambayo mwingine anaiuza kwa nembo nyingine. Vuta kitambaa taratibu mahali penye chapa: filamu iliyobandikwa kwa joto hupasuka nyufa, wino wa skrini hunyooka kiasi na kurudi. Iliyobandikwa ioshwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, maji ya digrii 30, isikaushwe kwa mashine.

Bei hupanda kweli pale nguo inapowekewa chipu. Muuzaji atasema chipu inathibitisha uhalisi na kuifunga nguo kwenye tokeni yake. Chipu si zote sawa, na tofauti yake unaweza kuijua kwa simu. Igusishe simu kwenye chipu mara tatu, na kila mara nakili kiungo chote kinachofunguka. Kama viungo vyote vitatu ni sawa herufi kwa herufi, chipu ni ya kawaida, kama NTAG213: inatoa maandishi yale yale milele, na mwenye chipu tupu na programu ya bure atayanakili kwa dakika moja. Namba yake ya utambulisho nayo huigwa, kwa kuwa zipo chipu zinazokubali kuandikwa namba yoyote. Kama mkia wa kiungo unabadilika kila mguso, huenda ni NTAG 424 DNA au mfano wake, ambayo hubeba ufunguo wa AES (njia ya kusimba data) wa biti 128 na kaunta inayoongezeka, ikatoa saini mpya kila mara. Hiyo hainakiliki kirahisi.

Lakini hata hiyo nzuri ina udhaifu ambao matangazo huuruka. Saini ya AES huhakikiwa na seva yenye ufunguo ule ule, na seva ni ya kampuni. Kampuni ikiizima, chipu itaendelea kutoa saini ambazo hakuna wa kuzisoma. Zipo chipu za aina nyingine, zinazotia saini kwa ufunguo binafsi ambao hautoki nje. Ufunguo wake wa umma ukishaandikwa kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja, yeyote anaweza kuhakiki bila kuomba ruhusa. Muulize muuzaji kwa maneno haya: "Uhakiki unafanyika wapi, na ufunguo wa umma umeandikwa wapi?" Asipojua, chipu hiyo isiongeze hata senti kwenye bei unayokubali. Uliza pia imeshonwa wapi. Ikikaa karibu na zipu au vifungo vya chuma husomeka kwa shida, na isiyotengenezwa kwa ajili ya kufuliwa hufa mapema.

Tokeni nayo ina mtego wake. Tokeni ya kiwango cha ERC-721, kile cha tokeni za kipekee, haibebi picha wala raba. Inabeba namba, anwani ya mmiliki, na kwa kawaida kiungo cha faili la maelezo, ambalo nalo lina kiungo cha picha. Fungua mkataba wake, yaani programu inayoiendesha tokeni, kwenye kivinjari cha bloku, nenda sehemu ya kusoma, tafuta tokenURI, andika namba ya tokeni. Jibu likianza na https, picha iko kwenye seva ya mtu. Likianza na ipfs, faili linatambulika kwa maudhui yake, ila lazima awepo mtu anayelihifadhi. Likianza na data, maelezo yenyewe yamo ndani ya mkataba. Kisha fungua faili la maelezo na urudie ukaguzi huo kwa kiungo cha picha, maana mara nyingi faili huwa salama na picha haipo salama.

Mfano upo wazi. Nike ilinunua RTFKT, studio ya raba na tokeni za kidijitali, Desemba 2021. Miezi michache kabla, Machi mwaka huo, studio hiyo na msanii FEWOCiOUS walikuwa wameuza jozi 621 za raba kwa takriban dola milioni 3.1 ndani ya dakika saba hivi, yaani karibu dola 5,000 kwa jozi. Desemba 2024 ikatangazwa kwamba RTFKT inafungwa. Aprili 2025 picha za CloneX, mkusanyiko wake mkubwa, zikatoweka kwa muda, na mahali pake pakaonekana ujumbe kwamba maudhui yamezuiwa na Cloudflare, kampuni inayopitisha maudhui ya tovuti. Tokeni zilikuwa palepale kwenye blokcheni. Kilichokatika ni kiungo, na kiungo kilitegemea akaunti ya kampuni iliyokuwa ikifungwa.

Kuhusu bei zinazotajwa kwenye vichwa vya habari, soksi zinafundisha vizuri. Mwaka 2019 watengenezaji wa Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, walitoa Unisocks: tokeni 500, kila moja ikiweza kuchomwa (kufutwa kabisa) ili upate jozi ya soksi halisi. Ziliuzwa kutoka kwenye dimbwi lenye tokeni upande mmoja na etha, sarafu ya Ethereum, upande wa pili, na kanuni kwamba idadi hizo mbili zikizidishwa jibu lisibadilike. Chukua dimbwi la mfano lenye tokeni 100 na etha 10. Zao ni 1,000, na bei ni etha 0.1 kwa tokeni. Wanunuzi wakichukua 50, zinabaki 50, etha lazima ziwe 20, na bei sasa ni 0.4. Zikibaki 10, etha ni 100 na bei ni 10: mara mia ya mwanzo, ingawa zilizoingia ni etha 90 tu. Ndivyo jozi ya soksi ilivyofika makumi ya maelfu ya dola mwaka 2021. Ila bei hiyo ni ya tokeni inayofuata, si ya zote. Wenye tokeni kumi wakiuza pamoja kwenye dimbwi hilo, zinarudi kuwa 20, etha zinabaki 50, na bei inashuka kutoka 10 hadi 2.5. Kabla ya kuamini thamani yoyote, uliza dimbwi lina kina gani, au, kwa vitu vinavyouzwa kimoja kimoja, ni vingapi vimeuzwa mwezi huu na kwa nani.

Nyumba kubwa za vito na saa ziko tofauti kidogo. Hublot ilitoa saa 210 za kuadhimisha miaka kumi ya Bitcoin mwaka 2018, dola 25,000 kila moja. Tiffany ikauza vidani 250 kwa wamiliki wa CryptoPunks, tokeni za picha za wahusika, Agosti 2022, etha 30 kila kimoja, zaidi ya dola 50,000 wakati ule. Hapo kuna mitambo ya saa, dhahabu na vito ambavyo sonara anaweza kuvithamini bila kujua kripto ni nini. Mpelekee, upate namba ya vifaa peke yake, kisha uitoe kwenye bei. Kinachobaki ndicho unacholipia hadithi, na kidani chenye sura ya mhusika fulani kina wanunuzi wachache sana siku ya kukiuza.

Ukiamua kununua, malipo na saini (idhini unayoitoa kwa ufunguo wako) vifanywe kwa pochi tofauti, yaani programu au kifaa kinachotunza funguo, yenye kiasi cha manunuzi hayo tu. Aprili 2022 akaunti ya Instagram ya Bored Ape Yacht Club, mkusanyiko wa tokeni za picha za nyani, ilidukuliwa, kikawekwa kiungo cha zawadi ya uongo, na waliotia saini wakapoteza tokeni za mamilioni ya dola. Saini ya kuogopa ni ile inayotoa ruhusa ya kuhamisha mkusanyiko wote. Kununua fulana hakuihitaji kamwe. Ukishaitoa kwa bahati mbaya, ifute mara moja kwenye ukurasa wa ruhusa wa kivinjari cha bloku. Kufunga tovuti hakuifuti.

Na anwani ya kupokelea mzigo isiwe ya nyumbani ikiwezekana. Tumia sanduku la posta au mahali pa kuchukulia, na barua pepe ya kazi hiyo tu. Orodha ya wateja wa bidhaa za kripto ni orodha ya watu wanaodhaniwa kuwa na fedha. Data za Ledger, kampuni ya vifaa vya pochi, zilipovuja 2020, majina, anwani na simu za wateja wapatao 272,000 yaliwekwa hadharani, na mwaka uliofuata baadhi yao wakaletewa vifaa bandia kwa posta, vimefungwa vizuri, na barua ikiwataka wahamie kwenye kifaa hicho. Kifaa cha pochi kilichofika bila kuagizwa kisichomekwe popote, na maneno 12 au 24 yanayofungua pochi yako yasiandikwe humo kwa sababu yoyote.