Kabla hujamfungulia kompyuta mtoto mwenye usonji

Mdogo wangu unayeanza kujitolea kufundisha watoto wenye usonji kuandika programu hapa Mtwara, anza na spika. Izime. Tunayoitumia ni Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya amri viitwavyo bloku, iliyotoka chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2007, na paka anayeonekana kwenye skrini yake ana mlio wa "miau". Mwanafunzi wangu mmoja wa Mikindani aliusikia siku ya kwanza, akaziba masikio na kuingia chini ya meza. Wiki mbili hakutaka hata kuiona kompyuta. Kosa lilikuwa langu: sikumuuliza mama yake ni sauti zipi zinamuumiza mwanawe.

Aliporudi nilikuwa nimezima spika na ile feni inayokwaruza. Akabonyeza bloku ya kusogeza paka hatua 10. Akabonyeza tena, na tena, midomo ikihesabu kimyakimya. Jukwaa la Scratch, yaani eneo la skrini anamotembea paka, lina upana wa hatua 480 na katikati yake ni sifuri, kwa hiyo mbonyezo wa 24 ulimfikisha paka 240, ukingoni kabisa. Mtoto akacheka. Ulimi uliniwasha nimwambie "sasa mrushe juu", nashukuru nilinyamaza. Kurudiarudia kule ndiko kulikokuwa kujifunza kwake.

Weka Scratch isiyohitaji intaneti, chagua Kiswahili tangu mwanzo, na usiibadilishe katikati ya muhula. Kitufe kikihama mahali pake, kwa wengine somo limeishia hapo. Asiyejua kusoma mpe ScratchJr kwenye kishikwambi: bloku zake ni picha, na imetengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7.

Ukianza kutengeneza programu zako mwenyewe, usiweke maandishi mekundu yanayomwekamweka kila mtoto anapokosea. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unakataza kitu kumweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa sababu ya kifafa, na baadhi ya watoto wetu wana usonji na kifafa pamoja.

Halafu kuna umeme. Utakatika tu. Zamani ukikatika darasa zima lilivurugika, mpaka nilipoongeza kwenye ratiba yetu ya picha kadi ya balbu iliyozimika, na bloku za karatasi ya manila za kuchezea mezani. Jumanne iliyopita giza lilipoingia, yule mtoto aliinuka kabla yangu, akaibandika kadi ya balbu ukutani, akaanza kupanga manila zake: 10, 10, 10.