Bolti ya puli ya krenki imegoma? Usikubali injini ishushwe kwanza

Wiki hii kuna msomaji kanitumia meseji ndefu, ana Vitz inavuja oili upande wa feni belti, fundi kahangaika na bolti ya puli ya krenki (gurudumu linalozungusha feni belti, limefungwa mwisho wa krenki, yaani shafti kuu ya injini) mpaka giza likaingia haijatoka, sasa anaambiwa injini ishushwe ndio wataipata vizuri. Anauliza kama ni kweli. Nilivyosoma nikacheka peke yangu halafu nikakasirika, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi kwenye IST yangu, na mpaka leo nikipita mbele ya ile gereji naangalia upande wa pili wa barabara.

Kaka, injini haishuki kwa ajili ya bolti moja. Ngoja nikupe stori yangu yote ndio utaelewa.

IST yangu ina injini ya 1NZ, ile ile ya kwenye Probox na Fielder za 1.5, yaani nusu ya magari ya Dar. Ikaanza kutoa oili pale mbele, mwanzoni kidogo tu, baadaye ikawa inarushwa na puli mpaka kwenye fenda. Wote tunajua hiyo ni sili ya mbele ya krenki. Kenyewe ni kampira kadogo cha bei ya chipsi mayai, ila ili ukafikie lazima puli itoke, na puli imeshikwa na bolti moja tu katikati, kichwa namba 19. Moja tu wazee. Hiyo moja ndio imefanya watu wamechangishwa hela.

Gereji wakaleta mashine ya upepo, kompresa yenyewe ni ile ya kujazia matairi, mpira mwembamba una viraka, inapiga trrrr weee haisogei hata nywele. Kijana mmoja akazungusha feni belti kuukuu kwenye puli akaishikilia na praisi, mwenzake akaning'inia kwenye spana, belti ikateleza, yule wa spana akaanguka na makalio. Wakacheka. Halafu bosi akaja akafuta mikono akaniambia mzee hizi gari zimechoka, hapa tunashusha injini, laki tatu na nusu, sili utanunua mwenyewe. Nilivyosema nitaenda kujaribu nyumbani alinitazama vile mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kuendesha. Na shemeji yangu, mume wa dada, naye akaongezea chumvi mbele ya familia, eti mtu wa ofisini unajifanya fundi, acha gari lina wenyewe. Hiyo kauli bado naikumbuka shemeji, najua unasomaga humu.

Sasa nisikilizeni. Usiku ule sikulala, nikawa nasoma kuhusu injini hii, nikakuta kitabu cha Toyota kinasema bolti hiyo inakazwa kwa nyutoni mita 128, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Nikachukua kalamu. Ukiwa na mkono wa spana wa nusu mita, 128 ni kama kilo 26 tu pale mwisho wa mkono. Ukivalisha bomba ikafika mita moja, ni kilo 13, mtoto wa darasa la tano anaweza. Haya tuseme imekaa miaka, imekula joto, kuna mtu aliikaza kwa hasira, sasa inataka mara tatu ya hapo, bado ni kilo 40 kwenye bomba la mita moja, na mimi nina 80 na kitambi juu. Kwa hiyo nguvu ipo. Swali ni moja tu, na ndio ushauri wangu wote wa leo: nguvu unayoiweka inapotelea wapi kabla haijafika kwenye bolti?

Kwangu ilikuwa inapotelea sehemu nyingi. Kubwa kuliko zote ni injini yenyewe kuzunguka. Gari ya klachi unaweka gia ya juu, mtu anakanyaga breki, krenki inatulia. Otomatiki hiyo haipo, ukiweka P umefunga matairi tu, krenki inaendelea kuzunguka kwa raha zake, ndio maana wale vijana walihangaika na belti. Wengine wanachomeka bisibisi kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu la upande wa gia boksi, hiyo msifanye, boksi ya gia ni alumini, ikipasuka utaitamani ile laki tatu na nusu. Dawa ni chuma bapa. Puli nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi wa bolti za milimita 8, yamewekwa pale kwa kazi hiyo. Nikaenda kwa jamaa anayechomelea mageti mtaani kwetu, nikampa vipimo, akanikatia kipande cha chuma kinene kirefu kama mkono, tundu kubwa katikati soketi ipite, na matundu mawili madogo ya kufungia kwenye puli. Angalia tu bolti hizo zisiwe ndefu zikapenya mpaka kugusa kava ya cheni nyuma ya puli.

Sehemu nyingine nguvu inakopotelea ni ekstensheni, vile vyuma vya kurefushia soketi. Bolti iko ndani, unatoa tairi la kulia la mbele na kava la plastiki ndio unaiona, kwa hiyo lazima uunge ekstensheni ili mkono ukae nje ya fenda. Ukiunga vile vyembamba vya racheti ndogo vinajisokota kama kamba, wewe unaona mkono umeenda kumbe chuma ndio kimejipinda. Tumia vya nusu inchi, kipande kimoja kirefu kuliko vitatu vya kuunga, na mwisho wake wa nje uweke juu ya stendi ya gari ili usiiname. Hilo la stendi ndio siri yenyewe jamani, bila hivyo soketi inakaa upande, inateleza, inakula kona za bolti, na bolti ikishachuna kona hapo ndio kweli unaanza kuongea lugha nyingine. Na soketi iwe ya pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili zinashika kwenye ncha tu, ni nzuri kwa kazi nyepesi.

Halafu wewe mwenyewe umekaaje. Bolti hii inafunguka kawaida, kinyume na saa. Ukisimama ubavuni kulia mwa gari unaitazama puli, mbele ya gari iko kulia kwako. Kwa hiyo kile chuma bapa kielekee nyuma ya gari kiegemee gogo la mbao chini, na pawa hendo, ule mkono mrefu wa kuzungushia soketi, nayo ielekee nyuma, uisukume kwenda chini. Kusukuma chini unatumia uzito wako, kuvuta juu unatumia mgongo, na mgongo hauna spea. Gari likae kwenye stendi imara, tairi la nyuma liwekewe jiwe, jeki peke yake hapana hapana hapana.

Mambo ya katikati nayaruka, kulegeza belti pale altaneta na kadhalika mnajua. Nikavalisha bomba, nikaegemea taratibu bila kurukaruka, nikawa naongeza uzito tu. Bomba likapinda kidogo, nikasema leo kitu kinakatika. Ikalia PAAA, mlio kama bastola, jirani akachungulia ukutani. Nilidhani kichwa kimekatika kabisa. Naangalia, soketi imegeuka robo, bolti mzima! Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka kama chizi. Nikapiga picha bolti nikiwa nimeishika mkononi nikaituma kwenye grupu la familia bila maneno yoyote. Shemeji aliona, tiki za bluu zilitokea, hakujibu mpaka kesho.

Najua wapo watakaosema mbona kuna njia ya stata. Ipo. Unachomoa umeme wa koili ili injini isiwake, unaweka mkono wa spana ukiegemea chini upande wa mbele wa gari, unagusa ufunguo, injini inajigeuza yenyewe na bolti inabaki nyuma. Kwa 1NZ inafanya kazi kwa sababu krenki inazunguka kama saa. Lakini siipendi, chuma kikiponyoka kinavunja mfupa, na Honda za zamani za injini za B na D zinazunguka kinyume, huko utakuwa unaikaza zaidi na stata yako mwenyewe. Mwenye Honda asije kunilaumu.

Na WD-40 jamani. Kila mtu anakuja na kopo lake la bluu na njano. Ile kitu ilitengenezwa 1953 kule San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, ikatumika kwenye makombora ya Atlas. Kulegeza inasaidia kidogo pale penye kutu, lakini bolti ya krenki mara nyingi haina kutu kabisa, iko ndani kavu, imebana tu. Utamwaga kopo zima uloweshe feni belti, asubuhi belti inapiga kelele na bolti iko pale pale inakutazama.

Penye kutu ni habari nyingine, na ukikaa Tanga au Unguja au gari lako limetoka Hokkaido ambako wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, utaijua. Nati za ekzosti hizo, zile nipo za kutolea hewa kwenye breki, bolti za chini. Hapo mwagia mafuta ya kupenya jioni ulale, asubuhi gonga kichwa kwa nyundo makofi mafupi makavu, kutu inavunjika. Jaribu kukaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza, usicheke, inasaidia sana. Ikigoma, moto, ukae mbali na mabomba ya mafuta na mipira. Ukishapasha gusisha mshumaa pale kwenye uzi, nta inayeyuka inanyonywa ndani. Na ikikatika kabisa ikabaki kisiki, mtafute mtu wa kuchomelea, anaweka nati juu ya kisiki anaijaza moto katikati, ikipoa kidogo unafungua na spana kama hakuna kilichotokea. Ila plagi usifungue injini ikiwa ya moto, hedi ni alumini, utatoka na uzi wote.

Sasa niseme ukweli hata kama mtanichukia. Vijana wa siku hizi tunanunua gari la milioni kumi na kitu, rimu mpya, muziki wa kutetemesha vioo, ukimuuliza soketi seti anakwambia sijui. Pawa hendo ya nusu inchi na soketi nzuri ya 19 unapata pale Gerezani, Kariakoo, hata za mtumba, zitakuzika. Jifunzeni magari yenu. Fundi mzuri yupo na anastahili hela yake, simvunjii heshima, lakini fundi anayekimbilia kushusha injini kwa sababu kompresa yake haina pumzi, huyo unamlipa kwa ajili ya kompresa yake.

Wakati wa kurudisha safisha uzi wa bolti na kitambaa, futa oili yote, usikubali mtu akukazie kwa ile mashine ya upepo kwa kubahatisha, ndio chanzo cha haya yote. Kaza na tokirenchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, 128 kwa 1NZ. Kaka wa Vitz, kama yako ni ya 1.0 yenye 1KR namba sio hiyo, itafute ya injini yako kwanza. Ukinikosa inboksi nipo kazini, nitajibu usiku. Na tokirenchi yangu siazimishi, shemeji alishaniomba nikamwambia lina wenyewe.