F-Type: V6 ao V8, na ile ya kufunguka juu?

Kaka, uliuliza kwa Jaguar F-Type ukamate V6 (moteri ya silinda sita) ao V8 (ya silinda nane), na kama ya kufunguka juu inafaa hapa L'shi (Lubumbashi). Mimi nakamata V6 ya lita 3.0, zote mbili ziko na kompresa (ya kusukuma hewa ndani ya moteri) lakini V8 ya lita 5.0 ni nzito kwa pua na V6 inaingia kona vizuri zaidi, alafu V8 ya kusukuma pine za nyuma tu, mvua ikinyesha ukanyage kidogo matako ya gari inataka kukupita, kama ni V8 basi tafuta ya kusukuma pine zote ine. Ya kufunguka hapana, vumbi nyekundu ya kiangazi utaifuta mpaka ndani ya viti, na kofre yake (ya mizigo) ni ndogo kama ya kichekesho. Kupe, ile ya paa isiyofunguka, ndiyo bodi yake iko ngumu zaidi. Walisimamisha kuitengeneza 2024, kwa hiyo ni okazioni (ya kutumika) tu, fundi aangalie kwanza mabomba ya plastiki ya maji ya moteri.