Umeajiriwa shule ya Kiyahudi? Anza na friji na kalenda

Mara kwa mara napigiwa simu na Mkenya au Mtanzania aliyepata kazi kwenye shule ya Kiyahudi huku Marekani, iwe usaidizi wa mwalimu, jikoni, au kukaa na watoto baada ya masomo. Swali la kwanza huwa ni lile lile: watanitaka nibadili dini? Hapana. Wayahudi hawana desturi ya kutafuta waumini, na hakuna atakayekuuliza unasali wapi. Unachotakiwa ni kujua mipaka, na mingi iko kwenye chakula na kwenye tarehe.

Kabla ya siku ya kwanza, uliza shule ni ya mrengo gani. Ikiwa ni ya Orthodox, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini yao kikamilifu, mwanamke ajiandae kwa sketi ndefu na mikono iliyofunikwa, na usimpe mkono mzazi wa jinsia tofauti mpaka yeye aanze. Aliyekulia Pwani hataliona geni hilo. Shule za Reform, mrengo wa kisasa, ni legevu zaidi, na ziko zinazochanganya familia za kila mrengo. Huko utakuta mtoto mmoja kavaa kipa, kofia ndogo ya Kiyahudi, siku nzima na mwenzake anaivaa wakati wa sala tu.

Sasa chakula. Jikoni kuna vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa, na havikutani: sufuria, vijiko, hata sifongo, mara nyingi vikitenganishwa kwa rangi. Chanzo ni mstari unaoujua kama umesoma Biblia, "Usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye," ambao umekuja mara tatu kwenye Torati. Marabi wakauzungushia ua mpana: kuku naye akaingizwa humo, na baada ya kula nyama wengi husubiri muda wa saa sita kabla ya kugusa jibini. Shule nyingi hukwepa usumbufu huo kwa kuwataka watoto walete kutoka nyumbani chakula kisicho na nyama kabisa. Kwa hiyo wali nyama wako wa jana usiuingize kwenye mikrowevu ya walimu.

Waislamu wengi hufika wakidhani halali na kosher, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, ni kitu kimoja. Zinakaribiana sana: nguruwe hapana, damu hapana, mnyama achinjwe kwa kisu kikali. Lakini ngamia kwao haliwi, na samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, ngisi, kamba na kaa wote wako nje. Sato hana kesi. Kambare anayo.

Kinachotuponza sisi ni ukarimu. Tumezoea kwenda kazini na kontena la chapati za moto na kumkaribisha kila aliye karibu. Hapo utaona mwenzako anatabasamu, anashukuru, na hachukui. Usinune. Hatilii shaka usafi wako. Tatizo ni kwamba kikaango chako kilishapika mengine, na hata unga na mafuta safi haviondoi hilo. Mtoto ndiyo kabisa, usimpe hata biskuti moja kutoka mfukoni mwako, awe analia au asiwe analia. Ukitaka kuwafurahisha, peleka ndizi au machungwa mazima, au nunua kitu chenye alama ya wakaguzi wa kosher. Inayoonekana zaidi ni herufi U ndani ya duara. Nayo uionyeshe ofisini kwanza, kwa sababu kuna shule zinazokataa karanga kwa ajili ya watoto wenye mzio.

Darasani, siku ni ndefu kwa sababu imebeba mitaala miwili: Kiebrania, sala na Torati upande mmoja, hesabu, sayansi na Kiingereza upande wa pili. Wakubwa husoma maandiko wawili wawili, kitabu kimoja katikati, wakibishana kwa sauti. Ukipita koridoni utadhani wanagombana. Hapa ndipo wengi wetu tunapata shida, kuliko hata kwenye chakula. Mtu aliyesomea shule za fimbo, ambako mwanafunzi wa "kwa nini" alionekana mjuaji, anakutana na mtoto wa miaka saba anayemwuliza mwalimu kwa nini Mungu alimjaribu Ibrahimu hivyo, na mwalimu anamsifu kwa swali. Kisha mtoto huyo huyo anakugeukia wewe na kukuuliza kwa nini apange mstari. Usilichukulie kama jeuri. Usiku wa Pasaka yao, ile ya kukumbuka kutoka Misri, kwenye meza ya familia, kwa desturi mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeimba maswali manne kuhusu tofauti ya usiku ule na mingine, na watu wazima ndio wanaojibu. Wamelelewa hivyo. Mpe sababu fupi, apange mstari, maisha yaendelee. La dini mpeleke kwa mwalimu wa Torati, hata kama unadhani jibu unalijua kutoka kanisani au madrasa.

Mtoto akiangusha kitabu cha sala, atakiokota na kukibusu. Na wewe unayesafisha madawati, karatasi yenye jina la Mungu kwa Kiebrania haiendi kwenye pipa la taka. Kuna sanduku lake, na baadaye karatasi hizo huzikwa. Kama hukisomi Kiebrania, kila karatasi ya Kiebrania iweke pembeni umwulize mwalimu.

Siku yao huanza jua likizama, kama ilivyo kwa Waislamu. Ijumaa watoto wadogo huwa na karamu yao ya Sabato: mkate wa kusokotwa, juisi ya zabibu, nyimbo. Majira ya baridi, New York jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo shule hufungwa mapema. Baada ya hapo usimtumie ujumbe mzazi anayeshika Sabato ukitegemea jibu kabla ya Jumamosi usiku.

Miezi yao inafuata mwandamo, ila huongezwa mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, ili Pasaka isihame majira ya machipuko. Ndiyo maana sikukuu hazizunguki mwaka mzima kama Idi, lakini hazitulii pia: mwaka mpya, Rosh Hashanah, ulianza jioni ya 2 Oktoba mwaka 2024, na 22 Septemba mwaka 2025. Chapisha kalenda ya shule, ibandike jikoni kwako.

Hanukkah, siku nane za mishumaa na maandazi ya jamu, usiiite Krismasi ya Wayahudi. Sikukuu ya Purim ni vurugu tupu: walimu wamevaa kama simba na wapishi, kitabu cha Esta kinasomwa, na kila likitajwa jina la Hamani, adui wa Wayahudi katika kitabu hicho, ukumbi mzima unapiga kelele na njuga. Ukiwa na kichwa kinachouma, meza dawa kabla. Sherehe inayonipendeza mimi ni ile ya darasa la kwanza, wanapokabidhiwa kitabu chao cha kwanza cha sala. Shule nyingine huwaachia wazazi kulipamba jalada kwa siri, na mtoto analiona siku hiyo hiyo. Andaa tishu, wanaolia ni kina baba.

Wiki za kabla ya Pasaka zitakuchosha. Chachu hairuhusiwi siku hizo, kwa hiyo makombo yote ya mkate na biskuti yanasakwa kwenye mabegi, makabati, hata kwenye vikapu vya vinyago. Siku ya kukumbuka waliouawa na Wanazi, ongea kwa sauti ya chini na usipange mchezo wowote.

Mlangoni kuna mlinzi. Kwetu kumfungia mtu mlango usoni ni utovu wa adabu, lakini hapa ufunge, hata nyuma yako kuwe na bibi kabeba keki. Kila mtu apige kengele yake, mlinzi ndiye anayefungua.

Na kama unalipwa kwa saa, uliza kabla ya kusaini mkataba kama sikukuu zina malipo. Mwaka 2025, kwa shule zinazoshika sikukuu zote kikamilifu, siku saba za shule kufungwa ziliangukia kati ya Jumanne na Alhamisi, kuanzia 23 Septemba hadi 15 Oktoba, na shule nyingine zilifunga zaidi ya hapo. Kodi ya nyumba ya Oktoba haikupungua. Idi na Ijumaa Kuu nazo, ziombee ruhusa mapema, kwa maandishi.