Kabla ya kuomba uzamili wa Waanglo-Saksoni, soma lugha

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kusoma uzamili kuhusu Waanglo-Saksoni, Wanorsi na Wakelti. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Hao ni watu wa kale wa Uingereza, wa Skandinavia, na wa Ayalandi na jirani zake. Anzia kwenye lugha. Jibu hilo nililinunua kwa aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Nilipofika chuoni, na chuo chenyewe sitakitaja, nilikuwa nimesoma tafsiri nyingi na nikajiona nimeiva. Nilijua kwamba Bede, mtawa wa Kiingereza, alikamilisha historia yake ya kanisa mwaka 731, na kwamba Wanorsi waliivamia Lindisfarne, kisiwa cha watawa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 793. Juma la pili tukapewa picha ya ukurasa wa Kiingereza cha Kale, lugha ya Waanglo-Saksoni, tuunukuu herufi kwa herufi. Nikakutana na neno "pæs", nikalitafuta kwenye kamusi kwa saa nzima nisilione. Kumbe haikuwa p. Ilikuwa ƿ, herufi iitwayo wynn, yenye sauti ya w, na neno lenyewe ni "wæs", yaani "alikuwa". Wahariri wengi wa vitabu vya chapa huigeuza kuwa w, hivyo aliyesoma vitabu hivyo pekee hajapata kuiona. Mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya darasa, kila p ikitamkwa p, wenzangu wakacheka, kisha akaniuliza kwa nini nisisome historia ya kwetu.

Siku hiyo sikumjibu. Jibu lilikuja kwenye Kiayalandi cha Kale, lugha ya Wakelti wa Ayalandi, somo lililowaliza wenzangu. Katika lugha hiyo neno huweza kubadilika mwanzoni: "ben" ni mwanamke, lakini "wa wanawake" ni "inna mban", na mgeni huhangaika nalo kwenye herufi m mpaka achoke. Mimi niliyekua nikisema ulimi na ndimi sikuona ajabu. (Chanzo si kimoja, maana kwetu ni ngeli na kwao ni athari ya neno lililotangulia, ila jicho langu lilikwisha kuzoea kuutafuta mzizi.) Niliongoza darasa, na ninalisema bila kuona haya.

Basi usiandike kwenye barua ya maombi kwamba unawapenda Waviking, wale Wanorsi wavamizi wa baharini, kwani kila mwombaji anawapenda. Eleza unachoweza kukisoma bila tafsiri. Maktaba ya Parker, iliyoko Cambridge, imeweka miswada yake mtandaoni bure, ukiwemo mswada nambari 173, nakala kongwe kuliko zote zilizosalia za kumbukumbu za mwaka hadi mwaka za Waanglo-Saksoni. Fungua ukurasa mmoja na unukuu mistari mitano kila siku kwa mkono wako. Soma lugha, narudia, kwa sababu vijana wetu tunapenda kutaja shahada kabla ya kuifanyia kazi, na anayetoka mbali hasamehewi makosa ambayo wenyeji husamehewa.

Ukifika kwenye neno linaloanza na p na kamusi ikalikana, niandikie tena.